Namna ya kuibaini homa ya ini C mapema kwa vipimo vya damu vya kawaida

Nafanya kazi ya maabara hapa Tabora. Nawaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Sikonge hadi Kaliua, mnaotuma sampuli mjini na kubaki na mgonjwa. Homa ya ini C haina chanjo, lakini inapona: vidonge vya wiki 12, kama sofosbuvir na daclatasvir, huponya zaidi ya 95 kati ya wagonjwa 100. Balaa ni kuchelewa kujua, maana wengi hukaa hata miaka 20 bila kuumwa huku ini likijaa makovu.

Hatua ya 1: Anza na karatasi zilizomo kwenye faili

Alinijia mzee mmoja, mrina asali. Faili lake lilikuwa na vipimo vya ALT (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia): 88, kisha 102, kisha 95, ndani ya miaka mitatu. Kila mara kituo alikotibiwa kiliandika kuwa chanzo ni "dawa za malaria". Hakuna aliyezipanga karatasi hizo tatu mezani pamoja. Iliniuma sana.

ALT ikipanda zaidi ya mara moja, tafuta sababu. Dawa za kifua kikuu, ARV, pombe na mitishamba huipandisha pia. Homa ya ini B nayo, na kwetu hiyo ndiyo iliyoenea zaidi, kwa hiyo pima B na C kwa pamoja.

Ila ALT ya kawaida isikulaze. Hupanda na kushuka, na wapo wenye kirusi ambao yao haijapanda hata siku moja. Uliza: umewahi kuongezewa damu zamani? Kuchanjwa kwa wembe uliotumiwa na mwingine? Kuchangia sindano? Kusafishwa damu kwa sababu ya figo? Jibu likiwa ndiyo, pima hata kama ALT ni 20.

Hatua ya 2: Kipimo cha haraka

Tone la damu ya kidole, bafa (kimiminika kinachokuja na kipimo), kisha saa. Fuata muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, wala usisome kabla. Kwa mama mmoja, dakika ya tano palikuwa peupe kabisa. Dakika ya kumi na nne nilikisogeza kipimo dirishani, nikaona uzi mwembamba wa waridi. Mstari hafifu ni mstari: majibu ni chanya.

Kipimo hiki hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi, nazo huchukua kwa kawaida wiki 8 hadi 11 kuonekana. Muuguzi aliyejichoma sindano wiki tatu zilizopita akipata majibu hasi, bado hajawa salama. Kipimo cha RNA, yaani cha kirusi chenyewe, huweza kukiona ndani ya wiki 1 hadi 2.

Hatua ya 3: Usimwambie ni mgonjwa

Karibu watu 30 kati ya 100 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi 6, lakini kingamwili hubaki. Mimi husema hivi: "Mzee wangu, mwili wako uliwahi kukutana na kirusi hiki. Kama bado kimo, hatujajua. Tunapima tena." Kisha nanyamaza, aulize.

Hatua ya 4: Sampuli ya RNA

Tumia chupa ya kifuniko cha zambarau. Igeuze taratibu mara nane hadi kumi, usiitikise. Tenganisha plazima (maji ya damu) ndani ya saa 6 na uisafirishe kwenye ubaridi. Sampuli iliyorushwarushwa kwenye bodaboda hufika nyekundu kama juisi ya rosela: chembe zimepasuka, na AST (kimeng'enya kingine cha ini, kilichomo pia kwenye chembe hizo) itapanda kwa uongo. Mashine ya GeneXpert tuliyoizoea kwa kifua kikuu hupima pia kirusi hiki, mradi katriji yake ipo. Piga simu kwanza kuulizia.

Hatua ya 5: Pima makovu kwa hesabu

RNA ikionekana, gawanya AST kwa kiwango cha juu cha kawaida, gawanya tena kwa chembe sahani (zinazogandisha damu, kwa maelfu katika mikrolita moja), zidisha kwa 100. AST 80, kiwango 40, chembe sahani 100: jibu ni 2. Kuanzia hapo kwenda juu, shuku ini lililosinyaa, mpe rufaa bila kungoja.

Na kabla mgonjwa hajatoka mlangoni siku ya kwanza, andika namba yake ya simu na ya ndugu yake. Majibu ya RNA yanaweza kumkuta porini kwenye mizinga, ambako mtandao hakuna.