Injini ya 1NZ ikimisi: tafuta silinda kabla ya kununua kifaa

Toyota IST, Vitz, Raum, Probox, Sienta na Premio za cc 1500 zilizojaa barabara za Dar es Salaam na Nairobi, nyingi zina injini moja: 1NZ-FE. Ina silinda nne, cheni ya taiming badala ya mkanda, na kila plagi ina koili yake juu, inayoizalishia moto. Ikianza kumisi, yaani silinda moja au zaidi haiunguzi mafuta, dalili hazijifichi. Gari ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga akseleta) inatikisika hadi kioo cha ndani kinacheza, mlimani haina nguvu, ekzosi inatoa mlio wa kukatakata, na ukisimama nyuma unasikia harufu ya petroli mbichi.

Wengi hapo hukimbilia dukani. Wananunua plagi nne, zikishindikana wananunua koili nne, kisha wanalipia kusafisha nozeli zinazopuliza petroli, na gari bado inamisi. Hela inateketea kwa sababu hakuna aliyeuliza maswali mawili ya mwanzo: ni silinda ipi haifanyi kazi, na inakosa nini kati ya moto wa plagi, mafuta na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda)? Maswali hayo unaweza kuyajibu nyumbani asubuhi moja.

Kabla ya yote, angalia taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka tu bila kupepesa, unaweza kuendesha taratibu hadi nyumbani. Ikipepesa, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguzia ndani masega ya kusafishia moshi, na masega mapya ni ghali kuliko koili zote nne. Punguza mwendo mara moja, paki mahali salama, uzime.

Andaa boksi spana namba 10 ya bolti za koili, boksi spana ya plagi ya milimita 16 pamoja na ekstensheni ndefu, bisibisi ndefu, mita ya kupimia umeme, tochi, na pampu ya upepo au kopo la hewa. Kifaa cha kusomea kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari) kinasaidia sana, ila gari nyingi za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 hazikubali vile vidogo vya bei rahisi vya bluetooth, hata kama tundu la kuchomeka lipo. Kikigoma kuunganisha, usidhani kompyuta ya gari imekufa. Utaendelea bila hicho.

Kupata silinda

Kifaa cha kodi kikisoma, kazi imepungua. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. Silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa feni belti, kulia, upande wa dereva kwa gari zetu za usukani wa kulia. P0300 inamaanisha kumisi kunahamahama au kuko kwenye silinda zaidi ya moja. Hapo usianze na koili, ruka hadi sehemu ya "Silinda zote zikimisi" hapa chini. P0351 hadi P0354 zinahusu umeme wa koili yenyewe au waya zake.

Bila kifaa, tumia masikio. Toa kava la plastiki juu ya injini, washa gari, iache sailensa. Bana kishikio cha soketi ya koili ya kwanza na uichomoe, sikiliza sekunde tatu nne, irudishe. Silinda nzima ukiikatia moto, injini inadondoka na kutikisika zaidi. Silinda mbovu ukiichomoa soketi, hakuna kinachobadilika. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Chomoa soketi tu. Usiing'oe koili kutoka kwenye plagi injini ikiwa inawaka, kwa sababu ina maelfu ya volti yanayotafuta njia ya kutokea, na mkono wako ni njia nzuri. Vishikio vya soketi za gari kuukuu vimekaushwa na joto na hukatika ukivivuta kwa nguvu, hivyo bonyeza kwanza ndipo uvute.

Fanya jaribio hili tatizo likiwepo. Koili nyingi zinazoelekea kufa hufanya kazi vizuri asubuhi, kisha zinakata baada ya dakika ishirini za foleni zikishapata moto. Ukiipima ikiwa baridi utaambiwa na masikio yako kuwa yote ni mazima.

Kuhamisha koili

Tuseme ni silinda ya pili. Zima gari, subiri ipoe, fungua bolti namba 10 ya koili ya pili na ya tatu, zungusha koili kidogo kushoto na kulia ili mpira uachie, zivute juu wima. Zibadilishane nafasi, kaza bolti kwa kiasi (nguvu ya Nm 9 kwa spana ya kupimia inatosha, maana nyuzi zake zimo kwenye aluminiamu), washa.

Kumisi kukihamia silinda ya tatu, koili imekufa. Nunua moja. Kukibaki kwenye ya pili, koili umeisafisha jina bila kutumia hata shilingi, na unaendelea na plagi.

Kuna mtindo wa gereji wa kuchomeka plagi kwenye koili, kuigusisha kwenye bodi na kupiga stata ili kuona cheche. Uache. Koili za 1NZ zina waya nne na kifaa cha kuwashia ndani yake. Plagi isipogusa vizuri chuma, umeme unarudi na unaweza kuua koili iliyokuwa nzima. Kuhamisha kunakupa jibu la uhakika zaidi.

Plagi

Kabla hujafungua plagi hata moja, mulika tochi ndani ya shimo lake. Ukiona maji, gari pengine imeoshwa injini karibuni, na huenda ugonjwa wenyewe ndio huo. Puliza kwa upepo, kausha mpira wa koili, rudisha, jaribu tena. Ukiona oili imejaa shimoni, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha valvu) na mipira ya mashimo ya plagi imekauka. Oili hiyo hulainisha na kuharibu mpira wa koili, na moto huanza kuvujia pembeni. Kubadilisha koili bila kubadilisha gasketi ni kununua tatizo lilelile la miezi ijayo. Vyovyote iwavyo, puliza shimo vizuri kwanza, kwa kuwa mchanga uliomo utaangukia kwenye silinda plagi ikitoka.

Fungua plagi injini ikiwa baridi. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Ikiwa ya moto nyuzi zake zinang'oka kirahisi. Zipange chini kwa mpangilio wa silinda, halafu zisome.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Iliyolowa petroli imekosa moto. Nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha mafuta mengi kuliko hewa, au moto dhaifu. Iliyolowa oili nyeusi inakupeleka kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Nyeupe kavu, mchomo ni wa moto sana au hewa imezidi. Ile ambayo ni safi kuliko wenzake wote, kama imeoshwa, itilie shaka kubwa: huenda maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda hiyo. Chunguza pia kaure nyeupe kwenye mwanga wa jua. Mstari mwembamba mweusi ulioshuka wima kama uliochorwa kwa penseli ni njia ambayo umeme umekuwa ukipita kwa nje badala ya kuruka kwenye ncha. Plagi hiyo haisafishiki, na mpira wa koili yake mara nyingi una alama pacha kwa ndani. Vyote viwili vibadilishwe.

1NZ-FE nyingi huvaa Denso K16R-U11 au iliyolingana nayo, nafasi ya ncha milimita 1.1. Plagi za kawaida za nikeli badilisha kila kilomita 20,000 hivi. Za iridiamu zinakwenda mbali zaidi, ila usizisugue kwa msasa wala brashi ya waya, maana ncha yake ni nyembamba na inakatika. Bandia zimejaa, Kariakoo ya Dar na Kirinyaga Road ya Nairobi pia. Kagua maandishi yanayofutika kwa kidole, uzi uliokwaruza na ncha zisizokaa katikati. Plagi nne za boksi moja zenye nafasi tofauti zirudishe dukani hapohapo.

Kuzifunga, anza kwa vidole ukishika ekstensheni bila ratcheti. Isipoingia kilaini, toa na uanze upya, usilazimishe. Kaza Nm 18. Huna spana ya kupimia nguvu, ikishagota kwa mkono ongeza nusu mzunguko kwa plagi mpya. Iliyokwishatumika, kidogo tu. Usipake grisi kwenye nyuzi. Ndani ya mpira wa koili, grisi ya silikoni kidogo inafaa.

Nozeli

Koili nzima, plagi nzima, silinda bado imelala? Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli ya silinda hiyo na mpini wake sikioni, injini ikiwaka. Nozeli hai inagonga tiki-tiki-tiki haraka na sawasawa. Ikiwa kimya, zima, chomoa soketi yake, pima ukinzani kwenye pini zake mbili. Ohimu 12 hadi 15 ni kawaida, na zote nne zifanane. Mita ikionyesha hakuna mzunguko, nozeli imekatika ndani. Ikigonga na mita ikaridhika lakini silinda haifanyi kazi, imeziba, na hapo ndipo kuipeleka kwenye mashine ya kusafishia kuna maana. Kuna jambo moja usilisahau: panya hupenda waya za injini. Fuata waya wa nozeli hadi mwisho kabla ya kulaumu nozeli.

Silinda zote zikimisi

Hapa tafuta kitu kinachozihudumia zote. Kwa 1NZ, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda). Ikikauka, gari inatikisika asubuhi ikiwa baridi, kisha inatulia ikipata moto na gasketi ikivimba. Kodi P0171 (hewa nyingi kuliko mafuta) huambatana nayo. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi na mipira ya vakyumu sailensa ikiwa imetulia. Mlio wa injini ukibadilika sehemu fulani, umepata tundu. Wapo wanaonyunyiza dawa ya kabureta. Inafanya kazi, lakini inawaka moto, na ekzosi iko karibu.

Safisha throto (mlango wa hewa ya injini) iliyoganda masizi. Kipima hewa kilicho baada ya filta kina waya mwembamba sana. Tumia dawa yake maalumu, usiguse kwa kitambaa wala brashi.

Kama kumisi kumeanza mara baada ya kujaza tangi, shuku mafuta. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo angavu, acha itulie nusu saa. Maji hukaa chini na mstari unaonekana wazi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haionekani kwa macho hivyo, ila ukidondosha tone kwenye karatasi nyeupe, petroli safi huruka bila kuacha doa la mafuta. Presha ya pampu ikipimwa iwe psi 44 hadi 50. Ikiwa chini, pampu imechoka au filta imeziba.

Kompresheni

Hii ipime mwisho. Injini iwe vuguvugu tu, si ya moto mkali, toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na za nozeli, kanyaga akseleta hadi chini, piga stata hadi mshale wa geji uache kupanda. Kipimo cha injini mpya ni kama psi 213. Cha chini kabisa kinachokubalika ni 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye shimo la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, valvu haizibi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yake. Majibu haya matatu yanahitaji kufungua injini, kwa hiyo mpelekee fundi namba ulizozipata.

Ukishatengeneza, futa kodi kwa kifaa, au toa waya wa hasi wa betri kwa dakika chache. Sailensa inaweza kuwa ya juu au ya chini kidogo siku ya kwanza kompyuta ikijifunza upya. Endesha kilomita chache, ukipanda mlima kwa gia ndefu ambako kumisi hujitokeza kwanza. Kisha chomoa dipstiki unuse: silinda iliyokaa muda mrefu bila moto huteremsha petroli kwenye oili, na oili inayonuka petroli au iliyopanda juu ya alama imwagwe, pamoja na filta yake, kabla ya safari ndefu.