Kabla hujabandika vinili sebuleni, kagua kilicho chini yake

Najua ilivyo. Umepita mjini Moshi kwa shughuli nyingine kabisa, ukaona roli la vinili, lile tandiko la plastiki la sakafuni, lenye sura ya mbao ya mninga limesimamishwa mlangoni mwa duka, na kichwani sebule yako ikaanza kung'aa. Muuzaji ameshashika mkasi. Mwambie utarudi, nenda nyumbani ukafanye haya kwanza.

Pima. Urefu upime sehemu mbili na upana sehemu mbili, maana kona za nyumba zetu nyingi hazikai skweya, hata kama fundi aliapa. Chukua kipimo kikubwa, kisha ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyoharibika wakati wa kukata. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, kwa hiyo nunua 22. Roli nyingi zina upana wa mita 2. Hapo lazima kutakuwa na maungio, na ni wewe wa kuamua yakae wapi, si fundi. Yasipite kwenye njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni. Hapo ndipo yataanza kunyanyuka.

Jua unanunua nini. Dukani kila kitu kinaitwa PVC, na kila PVC ni "original". Kuna kapeti jembamba la roli, ambalo ukilikunja ni kama kitambaa cha meza. Kuna vipande vya stika, unabandua karatasi na kukandamiza. Kuna vibao vya kupaka gundi, vya unene wa milimita 2 hadi 3. Halafu kuna SPC, vibao vigumu vya milimita 4 hadi 6 vilivyochanganywa na unga wa mawe, ambavyo vinafungana vyenyewe bila gundi. Usidanganyike na unene wa jumla, kwa sababu mwingine ni sponji tupu chini. Kinachopambana na viatu ni lile tabaka la juu kabisa, linaloonekana kama kioo. Kwa chumba cha kulala milimita 0.2 au 0.3 inavumilika. Kwa sebule yenye watoto na wageni tafuta 0.5. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Kama haijaandikwa na muuzaji naye haijui, mimi huondoka.

Sasa tuje kwenye unyevu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Nyumba yetu iko upande wa Rau. Anayeufahamu msitu wa Rau anajua ule si msitu wa kutegemea mvua peke yake. Unakunywa maji yaliyo chini ya ardhi, ndiyo maana umestawi vile pembeni mwa mji wenye joto. Mimi sikuwahi kuliunganisha hilo na sebule yangu. Migomba yangu ilikuwa ya kijani hata Februari, nami nikijisifia samadi.

Ilikuwa Novemba, na ukoo mzima ulikuwa unakuja Krismasi, kama kawaida yetu watu wa huku. Sakafu ya saruji ilikuwa mpya, imepigwa niru wiki tatu tu. Nikamuuliza fundi kama imekauka. Akaikwangua kwa kisigino, akasema, "Mama, si unaona mwenyewe? Nyeupe pe." Tukapaka gundi, tukabandika vibao siku mbili, tukarudisha makochi. Krismasi ilipendeza. Shemeji zangu kutoka Dar waliuliza bei, nami nikaitaja kwa sauti.

Februari nikaona lengelenge nyuma ya kochi, ukubwa wa sahani ya chai. Nikaliwekea stuli juu. Machi masika yakaanza, na sebule ikawa na harufu ya gunia la maharage lililonyeshewa. Nikafua mapazia, nikamsingizia mbwa. Kufikia Aprili ukikanyaga karibu na televisheni sakafu inalia chwaa, na maji ya kahawia yanachungulia kwenye maungio. Mwanangu wa mwisho alifurahi sana, akaufanya mchezo wa kurukia. Baba mkwe alikuja kututembelea, akakaa, akanyamaza, akasukuma kibao kimoja kwa ncha ya bakora. "Mama," akaniambia, "nyumba hii inatoka jasho. Mliweka nailoni chini ya jamvi la zege?"

Nikampigia aliyetujengea. Simu ikanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Si mlisema tubane matumizi?"

Tulipobandua, gundi ilikuwa imekuwa uji. Chini ya kila kibao kulikuwa na ukungu mweusi, na vibao vyenyewe vilinuka kiasi kwamba hata banda la kuku sikuthubutu kuviweka. Kukwangua sakafu kulituchukua wikiendi mbili, kwa visu vya kupakia puti na lawama za chinichini kati yangu na mume wangu.

Niliyokuja kuyaelewa ni haya. Maji yalikuwa yanapanda kutoka ardhini siku zote. Kwenye niru tupu yalikuwa yanaishia hewani, hatuyaoni wala kuyasikia. Vinili haipitishi mvuke, kwa hiyo siku tuliyobandika tuliyafungia mlango. Maji hayo hupanda pamoja na ukali wa saruji, na ukali huo unaila gundi. Juu ya hapo sakafu yenyewe ilikuwa bado mbichi. Kanuni ya mafundi wanaojua ni kwamba saruji hukauka kwa wastani wa milimita 1 kwa siku katika hali nzuri, tena hiyo ni kwa milimita 50 za mwanzo, baada ya hapo ni taratibu zaidi. Sakafu ya sentimita 5 inataka siku 50 hivi, na jamvi nene chini yake linataka miezi. Niru iliyosuguliwa ikang'aa inachelewesha zaidi, kwa sababu imeziba vitundu vya kupumulia. Weupe wa juu hauna habari na kilichomo ndani.

Kwa hiyo fanya kipimo hiki, ni cha bei ya soda. Kata nailoni nzito inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45. Ilaze sakafuni, ziba pande zote nne kwa selotepu pana, hewa isipite. Iache saa 16 au zaidi. Mimi naiacha hadi kesho yake jioni. Ibandue. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji imegeuka rangi ikawa nyeusi kuliko jirani yake, usibandike. Wamarekani wana kipimo hikihiki kwenye viwango vyao vya ASTM, kinaitwa D4263, kwa hiyo fundi akikucheka mtajie namba hiyo. Weka vipande kadhaa, hasa kwenye kona na kwenye ukuta wa upande wa mlimani, ambako maji hutokea. Na hili ndilo watu wanalisahau: kipimo kinakwambia hali ya siku ile tu. Ukipima Septemba vumbi linapotimka, sakafu yoyote itafaulu. Pima Aprili. Kama huwezi kungoja Aprili, angalau waulize majirani sakafu zao zinakuwaje wakati wa masika.

Ukikuta unyevu, anza nje. Angalia maji ya bati yanaangukia wapi, kama mtaro umeziba, kama umepanda maua ya kumwagilia yakiegemea ukuta. Sisi tulichimba mtaro upande wa juu na kuhamisha bustani, na hali ikawa nafuu, lakini nailoni ambayo haikuwekwa chini ya jamvi huwezi kuipenyeza leo. Zipo rangi za kuzuia unyevu zinazopakwa juu ya saruji, na zinasaidia zikipakwa na mtu anayezijua. Mimi nilichoka. Sebule yangu sasa ina tailizi za kauri. Vinili ninaifurahia nikienda kwa dada yangu Njiro, Arusha, ambaye aliweka nailoni tangu msingi na hanikumbushi zaidi ya mara moja kwa mwezi.

Yaliyobaki ni mepesi.

Usawa wa sakafu. Chukua rula ya fundi ya mita 2, ilaze huku na kule. Panapobonyea zaidi ya milimita 3, pajazwe kwanza. Vinili ni laini, kila nundu na kila punje ya mchanga iliyo chini itajichora juu, na vile vya kufungana vitavunjika ndimi.

Viache vipande vilale ndani ya chumba hichohicho saa 48 kabla ya kuviweka, boksi zikiwa zimelala, si kusimama. Arusha ya Julai usiku ni baridi kweli, na kibao kilichotoka stoo ya baridi kitatanuka jua likiingia. Kwa sababu hiyohiyo SPC iachiwe nafasi ya milimita 5 hadi 10 kuzunguka kuta zote, skatingi itaifunika. Fundi wa dada yangu aliibana ukutani upande mmoja ili "ipendeze", na mbele ya dirisha kubwa ikanyanyuka kama paa la kibanda. Mapazia nayo ni sehemu ya bajeti, maana jua la mchana hufifisha rangi.

Mkeka wa mpira mlangoni usiuweke juu ya vinili. Mpira huacha doa la njano, na doa hilo halitoki kwa sabuni, jiki wala maombi. Weka mkeka wa nyuzi, tena mwingine nje, kwa sababu vumbi letu lina mchanga na mchanga ni msasa. Miguu ya makochi ivalishwe vitambaa. Jiko la mkaa lisipite sebuleni hata siku ya baridi, na pasi isilazwe chini "kidogo tu". Mlango ukisugua, ukatwe kabla ya kubandika, si baada. Fundi aonyeshe kazi aliyoifanya mwaka jana, si ya wiki iliyopita, kwani kazi ya wiki iliyopita hata yangu ilikuwa nzuri. Usimlipe yote mpaka umetembea peku chumba kizima. Gundi iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa vibao. Akikuletea gundi ya mbao, mpe nauli arudi kwao. Vipande vilivyobaki vihifadhi vimelala chini ya kitanda, rangi hiyo mwakani hutaipata. Na kama wageni wanakuja Krismasi na nailoni yako bado inatoa matone, piga deki niru, tandika mkeka, pika pilau.