Mwanafunzi wa bendi ya jeshi: namna ya kuianza kazi vizuri

Mwanafunzi anayejiunga na bendi ya jeshi hutarajia kukabidhiwa ala siku ya kwanza, na wengi hushangaa wanaporudishwa uwanjani kupiga kwata mikono mitupu, huku wakiimba kwa mdomo sehemu zao za wimbo na kuhesabu kwa mguu wa kushoto. Wapo wanaolichukua jambo hilo kama adhabu. Mimi nililichukua hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kupiga korneti, ala ya shaba inayofanana na tarumbeta, nikiwa shuleni na niliona kwamba uwanja wa gwaride hauna la kunifundisha kuhusu muziki. Baada ya miaka mingi ya kupiga na kuwalea wageni, ushauri ninaoutanguliza mbele ya mwingine wowote ni huu: katika bendi ya gwaride muziki unaongozwa na mguu, na mwanafunzi atakayeutii mguu wake mapema atajifunza mengine yote kwa nusu ya taabu.

Mguu kabla ya ala

Jifunze kasi mbili mpaka ziingie mwilini. Katika taratibu za Kiingereza, ambazo ndizo zilizozaa bendi nyingi za kijeshi za Afrika Mashariki, mwendo wa haraka huwa wa hatua 116 hadi 120 kwa dakika, kila hatua ikiwa na urefu wa takribani sentimita 75, na mwendo wa pole huwa wa hatua 60 hadi 65. Weka mdundo huo kwenye programu ya simu, tembea nao ukitoka bwenini kwenda kula, kisha uzime na uendelee kutembea kwa dakika tano, uuwashe tena na uone kama bado mko pamoja. Wengi hukuta wamekimbia mbele, kwa sababu moyo ukichangamka mguu nao huongeza kasi, na siku ya gwaride, mbele ya umati, moyo wa kila mtu huchangamka.

Pigo la kwanza la wimbo huangukia mguu wa kushoto, na ngoma kubwa ndiyo inayolitangaza. Ukipotea, usimtazame jirani yako, kwa kuwa huenda naye amepotea. Isikilize ngoma kubwa, badili mguu, na uingie tena mwanzoni mwa sentensi ya muziki badala ya kujipenyeza katikati. Kiongozi anayetembea mbele na fimbo, yaani dramu meja, huamuru kwa mikono na fimbo yake wakati sauti haiwezi kusikika, kwa hiyo jifunze ishara zake kama unavyojifunza nota. Jua pia mapigo mawili ya ngoma kubwa ambayo katika bendi nyingi ndiyo ishara ya kunyamaza. Mwanafunzi asiyeyasikia huendelea kupiga peke yake katika ukimya, na hilo uwanja mzima hulisikia.

Namna ya kukanyaga ni jambo linalostahili wiki nzima ya uangalifu. Kila kishindo cha buti hupanda kwenye goti, kiuno, kifua na shingo, na mwisho wake ni kwenye midomo, ambako ala ya shaba imeegemea meno kupitia nyama laini. Anayekanyaga kwa kishindo hutoa sauti inayotetemeka kila hatua, na jioni midomo yake huwa imevimba. Tanguliza kisigino, viringisha unyayo hadi kwenye vidole, na uyaache magoti yalegee kidogo. Njia niliyofundishwa, nami nimeifundisha kwa wengi, ni ya bakuli: lijaze maji hadi karibu na ukingo, lishike kwa mikono miwili usawa wa kifua, utembee mita 100 kwa mwendo wa haraka. Mara ya kwanza kifua chote kitalowa. Endelea kila asubuhi, na siku utakapofika upande wa pili shati likiwa kavu, rudi kwenye ala uisikilize sauti yako.

Midomo, pumzi na nota

Kwa wapiga shaba, saa ya kwanza ya siku iwe ya sauti ndefu. Chagua sauti ya katikati isiyokuchosha, ipulize taratibu, ikue, kisha ipungue hadi ipotee bila kukatika, halafu pumzika kwa muda uleule uliopiga. Mapumziko hayo ni sehemu ya zoezi, na ni kosa kuyaona kama uvivu; midomo ni misuli, na misuli iliyochoka hutafuta msaada wa mkono, nao mkono hukandamiza ala mdomoni. Sauti ya juu hupatikana kwa mkandamizo huo leo, na kesho haipatikani. Ukiona alama nyekundu ya duara mdomoni ambayo haifutiki kwa muda mrefu baada ya kupiga, jua kwamba unakandamiza, na urudi kwenye sauti za chini.

Wengi wetu tumefika bendini tukitokea kwaya, tukiwa tunasoma sol-fa vizuri sana, na hiyo ni hazina ambayo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa sikio la mwanakwaya hujua umbali kati ya sauti na sauti. Shida huanza pale anapokutana na mistari mitano ya kuandikia nota na kugundua kwamba C iliyoandikwa kwenye karatasi ya korneti husikika kama B flati kwenye kinanda. Usipoteze usingizi kwa hilo. Korneti, tarumbeta na klarineti ya kawaida zimeandikiwa hivyo ili kidole kilekile kiandamane na alama ileile hata mpigaji akihamia ala nyingine ya jamii yake. Jifunze ala yako kwanza. Hesabu ya kuhamisha sauti utaielewa kadiri unavyokaa karibu na wenzako wa ala nyingine na kulinganisha karatasi zenu.

Vali tatu za korneti, yaani vitufe vinavyobonyezwa kwa vidole, zina kazi iliyo wazi: ya kwanza hushusha sauti kwa toni moja, ya pili kwa nusu toni, ya tatu kwa toni moja na nusu, na mengine yote ni kazi ya midomo. Ndiyo maana ninamsihi kila mpiga shaba, hata wa tuba, akae na baragumu lisilo na vali angalau kwa mwezi mmoja. Miito ya kijeshi ya baragumu hutumia sauti tano tu, na hakuna kidole cha kumwokoa anayekosea. Ukiweza kugonga sauti hizo kila asubuhi kabla ya chai bila kuteleza, umepata msingi ambao vali haziwezi kukupa.

Waliotokea muziki wa dansi wana mtihani wa namna nyingine. Jeshini nchini Tanzania muziki haukuwahi kuishia kwenye gwaride. Mwenge Jazz ya jeshi na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa zilikuwa bendi za dansi zenye jina, na vijana wanaopenda saksofoni bado wanazisikiliza kwa haki kabisa. Hata hivyo, kwenye gwaride madoido ya mtu mmoja huvuruga hatua za watu mia. Piga kilichoandikwa, kwa urefu ulioandikwa, na uikate nota pamoja na safu yako.

Kuhusu kupiga pamoja kuna kisa ambacho wanabendi wa Uingereza wamekisimulia tangu Vita vya Krimea: mwaka 1854 huko Scutari, nchini Uturuki, bendi za vikosi mbalimbali zilipiga wimbo wa taifa lao kwa wakati mmoja mbele ya wakuu wa jeshi, kila moja kwa mpangilio wake na kwa ufunguo wake, yaani kimo chake cha sauti, ikawa fedheha. Mwaka 1857 ilianzishwa shule ya muziki wa kijeshi ya Kneller Hall, karibu na London, ili bendi zote zifundishwe kwa kipimo kimoja. Kikumbuke kisa hicho kila unapojiona hodari kiasi cha kutohitaji kusikiliza safu ya nyuma.

Kuitunza ala

Ala si yako, ni ya jeshi, na imepita mikononi mwa watu kabla yako. Kabla ya kusaini kuipokea, ikague mbele ya msimamizi wa stoo, hesabu kila kipande, na mikwaruzo iandikwe.

Shaba yenye rangi ya kinga juu yake isisuguliwe kwa Brasso. Nimeona mwanafunzi mwenye bidii akiisugua eufonia, ala ya shaba inayofanana na tuba ndogo, usiku wa kuamkia ukaguzi, akiisugua kama anavyosugua kishikizo cha mkanda, na asubuhi ile kinga ilikuwa imetoka mabaka mabaka. Kitambaa laini na maji ya uvuguvugu vinatosha. Maji ya moto nayo huiharibu kinga hiyo. Vali zitiwe mafuta yake mara kwa mara, na kipande cha mdomo kikinasa usikishike kwa koleo, bali umpelekee fundi. Maji yanayodondoka kutoka kwenye ala ni unyevu wa pumzi uliogeuka maji kwenye bomba, yatolewe kila mapumziko, la sivyo yatakoroma katikati ya wimbo wa taifa.

Wenye klarineti wana heshima ambayo wengi hawaijui. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, mti wa taifa la Tanzania, na misitu ya mikoa ya kusini, Kilwa ikiwemo, ni miongoni mwa sehemu zinazotoa mti huo. Unapoipokea kutoka kwenye sanduku lenye chapa ya Ulaya, huenda unashika mti uliosafiri kutoka kwetu na kurudi. Mpingo ni mgumu na mzito, lakini huogopa mabadiliko ya ghafla ya joto na unyevu. Ukiiacha klarineti kwenye jua na kuiingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi, inaweza kupata ufa. Ala mpya ipigwe kwa muda mfupi mfupi katika wiki za mwanzo, na ifutwe ndani kila baada ya kupiga. Ulimi wake, ambao ni wa mwanzi, uwe na mwenzake mmoja au wawili waliokwisha kuzoezwa, kwa sababu hupasuka bila kutoa taarifa.

Siku ya gwaride

Kula asubuhi hata kama huna hamu, na kunywa maji tangu jana yake. Wanaoanguka gwarideni kwa kawaida ni wale waliosimama wima wamekaza magoti kwa muda mrefu, damu ikakaa miguuni. Legeza magoti kidogo kwa namna isiyoonekana, chezesha vidole ndani ya buti, na uhamishe uzito mbele na nyuma polepole wakati hotuba zinaendelea. Anayesimama karibu na ngoma na matoazi avae vizibo vya masikio katika mazoezi marefu ya ndani, maana usikivu ukipotea haurudi.

Zingatia pia hewa ya msimu. Hewa ya moto ndani ya bomba hupitisha sauti kwa kasi zaidi, kwa hiyo sauti ya ala hupanda. Gwaride la Mapinduzi la Januari 12 kule Zanzibar huwa ndani ya kaskazi, na ala iliyosawazishwa alfajiri kivulini haitakuwa sawa jua likishapanda. Sawazisha baada ya kupiga dakika kadhaa mahali penye hali kama ya uwanjani. Asubuhi ya baridi ya kipupwe mambo hugeuka, nawe utahitaji kupuliza hewa kimya kimya kwenye bomba ili lipate joto kabla ya kuingia.

Katika maisha ya kambini, kumbuka kwamba wewe ni askari mwenye ala. Lindo litakufikia, shabaha itakufikia, na katika majeshi mengi wanabendi wamekuwa wabeba majeruhi wakati wa vita. Mkubwa wako umwite afande na umwombe akusikilize baada ya kazi. Walimu bora niliowapata walikuwa wanabendi wa zamani waliokaa nami nyuma ya stoo kwa nusu saa bila kulazimishwa na mtu. Nawe ukimkuta kuruti anayehangaika na karatasi yake, keti naye.

Siku moja, pengine mapema kuliko unavyodhani, utapewa kupiga peke yako mwito wa mwisho kwenye maziko ya askari au kwenye kumbukumbu ya mashujaa ya Julai 25. Utakuwa umesimama muda mrefu bila kupiga, midomo imekauka, na kipande cha mdomo kimepoa. Kiweke mkononi ndani ya kiganja, au mfukoni, mpaka dakika ya mwisho. Lowesha midomo kwa ulimi. Isikie sauti ya kwanza kichwani kabla hujainua mkono, kwa kuwa mwito huo huanzia chini na asiyeisikia huibahatisha. Vuta pumzi taratibu, ya kina, bila kuinua mabega. Piga polepole kuliko unavyotaka, na ukimya wa katikati uuache utimie, kwa sababu ndugu wa marehemu wanauhitaji. Sauti ya mwisho ikiisha, usishushe baragumu. Libakize pale pale mpaka mwangwi utulie, ndipo ulirudishe ubavuni.