Bei kwa Dola ya Marekani, Mfuko wa Kanada: Namna ya Kulipa Bila Kuvuja

Ukiwa Kanada, alama ya $ peke yake haitoshi kukuambia bei. Huenda ni dola ya hapa, huenda ni ya Marekani. Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo huku Ontario, na nikipitia taarifa za kadi za wateja nakuta pesa zinavujia mahali pale pale: kwenye ubadilishaji. Bei ya muuzaji huwezi kuishusha. Unachoweza kuamua ni nani akubadilishie fedha, na kwa kiwango gani.

Hatua ya 1: Jua ni dola ya nani

Tafuta US$ au USD, CA$ au CAD. Usidanganywe na kibendera cha Kanada juu ya tovuti, wala anwani inayoishia .ca. Tazama ukurasa wa mwisho wa malipo kabla hujabonyeza.

Hatua ya 2: Piga hesabu yote, siyo ya kiwango tu

Tuseme unalipia programu ya US$20 kwa mwezi, uko Ontario, na dola moja ya Marekani ni 1.38 ya Kanada. (Weka kiwango cha siku yako. Benki Kuu ya Kanada hutoa kimoja kila siku ya kazi, kufikia saa 10:30 jioni kwa saa za Ottawa.)

Anza na kodi. Tangu Julai 1, 2021, kampuni za nje zinazowauzia walaji wa Kanada huduma za kidijitali hutakiwa kutoza GST (kodi ya mauzo ya serikali kuu) au HST (hiyo hiyo ikiunganishwa na kodi ya mkoa) zikipitisha mauzo ya dola 30,000 za Kanada katika miezi 12. HST ya Ontario ni asilimia 13, kwa hiyo 20 inakuwa 22.60. Zidisha kwa 1.38, unapata dola 31.19 za Kanada. Sasa inakuja benki: kadi nyingi za mkopo za hapa huongeza asilimia 2.5 juu ya kiwango cha Visa au Mastercard. Umefika 31.97.

Mara nyingi asilimia hiyo huioni ikiandikwa peke yake; imemezwa ndani ya kiwango. Ili uifichue, gawanya dola za Kanada ulizokatwa kwa dola za Marekani zilizo kwenye risiti. Hapa jibu ni 1.41 na kidogo, ilhali kiwango cha siku kilikuwa 1.38.

Hatua ya 3: Muuzaji akijitolea kukubadilishia, mpime kwanza

Baadhi ya tovuti hukuuliza kwa upole kama ungependa kulipa kwa dola za Kanada. Upole huo una bei. Zidisha kiwango cha siku kwa 1.025, yaani ongeza ile asilimia 2.5 ya kadi; kwa mfano wetu ni 1.4145. Wakikupa kiwango kinachozidi hapo, baki na dola ya Marekani, kadi yako ibadilishe yenyewe. Kwa 1.45, ile 22.60 ingekugharimu 32.77.

Kwenye PayPal, kabla ya kuthibitisha, fungua chaguo za sarafu na uchague kutozwa kwa sarafu ya ankara ya muuzaji. Usipogusa kitu, huenda wao ndio wakabadilisha.

Hatua ya 4: Chagua kadi kwa hesabu, siyo kwa tangazo

Zipo kadi zisizotoza ile asilimia 2.5. Ikiwa kadi ina ada ya dola 150 kwa mwaka, inabidi ununue vitu vya nje vya dola 6,000 ndipo ada irudi. Chini ya hapo tafuta isiyo na ada ya mwaka.

Kadi ya dola za Marekani kutoka benki ya Kanada inawafaa wanaolipwa kwa dola za Marekani. Wengine wote watalazimika kuzinunua dola hizo kwanza, na benki itachukua chake pale pale.

Hatua ya 5: Mzigo ukivuka mpaka

Kwa mizigo inayotoka Marekani kupitia kampuni za usafirishaji vifurushi, thamani isiyozidi dola 40 haina ushuru wa forodha wala kodi ya mauzo; zaidi ya 40 hadi 150 haina ushuru, ila kodi unalipa. Kwa njia ya posta kikomo ni dola 20 tu. Hizo zote ni dola za Kanada. Shati la US$30 linaonekana liko chini ya 40, kumbe ni 41.40. Kodi yenyewe ni ndogo. Kinachouma ni ada ya kukushughulikia forodha, ambayo huweza kuizidi kodi. Uliza mapema kama bei inajumuisha gharama hizo.

Hatua ya 6: Kabla ya kudai kurudishiwa pesa

Benki hufanya kama buro ya kubadilisha fedha: ina bei ya kukuuzia na bei ya kununua kwako. Kitu cha US$100 kilikutoka dola 141.45. Kiwango kisiposogea, baadhi ya benki zitakurudishia 134.55, kwa kuwa zinakata asilimia 2.5 tena. Kama bado unakihitaji, omba ubadilishiwe kwa kingine.

Kwa wenye biashara

Kama umesajiliwa kwa GST/HST na unanunua huduma za kidijitali kutoka nje, mpe muuzaji namba yako ya usajili siku ya kwanza, ili asikutoze kodi hiyo. Wauzaji wengi wa nje wamesajiliwa kwa utaratibu uliorahisishwa, na kodi waliyotoza hao huwezi kuidai CRA (mamlaka ya mapato ya Kanada) kwenye marejesho yako ya kodi. Itabidi umfuate muuzaji mwenyewe akurudishie. Kwa hiyo fungua mipangilio ya kila huduma unayolipia, tafuta sehemu ya namba ya kodi, na uijaze kabla ya ankara inayofuata.