Super au ile ya bei? Fungua kwanza kilango cha mafuta

Vituo vingi vikubwa hapa Kenya vina petroli mbili. Ya kwanza ni Super, ambayo ndiyo ya kawaida, ile ambayo EPRA, mamlaka ya nishati ya serikali, hutangaza bei yake ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi. Ya pili ni ile ya bei: V-Power kwa Shell, Excellium kwa TotalEnergies. Mimi ni fundi, gereji yetu iko Changamwe, Mombasa, na watu wengi wanaotoka bandarini na magari yao huja kwetu kabla hayajaona barabara kuu. Wakishauliza habari ya oili na matairi, swali linalofuata ni hili: niweke petroli gani?

Usimuulize jirani, wala kijana wa pampu. Fungua kilango cha mafuta usome kibandiko.

Magari yetu mengi yametoka Japani, na huko pia kuna petroli mbili. Ya kawaida wao huiita regyura, na kiwango chao kinataka okteni isiyopungua RON 89 (RON ni kipimo cha okteni, na okteni yenyewe nitaieleza hapo chini). Ya ghali ni haioku, isiyopungua RON 96. Aliyeiunda injini aliipimia moja kati ya hizo mbili. Ukiona レギュラー, gari lako ni la regyura. Ukiona ハイオク au 無鉛プレミアムガソリン, ni la haioku. Na ukiona 軽油, hiyo ni dizeli, petroli isiguse tangi hilo hata tone. Huhitaji kujua Kijapani. Linganisha maumbo ya herufi, au elekeza kamera ya simu ikutafsirie. Kibandiko kikiwa kimebanduka, tafuta kile kibati chenye namba ya modeli kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, kisha utafute namba hiyo mtandaoni pamoja na jina la injini.

Super yetu iko juu ya 89. Kwa hiyo mwenye Vitz, Axio, Noah au Fit yenye kibandiko cha regyura, weka Super na usisumbuke. Injini hiyo haina la kufanya na okteni ya ziada. Nina mteja wa Vitz aliyekuwa akijinyima ili atie ile ya bei, akiamini gari linakwenda kwa wepesi zaidi. Nilimpigia hesabu: tuseme tofauti ni shilingi 20 kwa lita, tangi la lita 40 linakuwa limemla shilingi 800 za bure kila akijaza. Hizo zinatosha kuanza kuweka akiba ya plagi mpya, ambazo kweli alizihitaji.

Watu hudhani okteni ni nguvu. Sivyo. Okteni hupima namna petroli inavyostahimili kubanwa na joto bila kujiwasha yenyewe. Pistoni ikipanda hubana hewa na petroli pamoja, plagi inatoa cheche, na moto unatakiwa usambae kuanzia hapo kwa mpangilio. Petroli ikiwa dhaifu kuliko injini inavyotaka, ile iliyobaki pembeni hulipuka kabla moto haujaifikia. Hapo ndipo tunasema injini inagonga. Sauti yake ni ya kokoto ndani ya kopo la bati, na utaisikia hasa ukipanda mlima na gia kubwa huku umekanyaga aksileta.

Magari ya sasa yana sensa inayosikia kugonga huko kabla yako. Kompyuta ikipata habari, inaichelewesha cheche. Injini inapona, lakini nguvu inashuka na mafuta yanaliwa zaidi. Ndiyo maana mwenye gari la haioku anaweza kutia petroli hafifu miezi na miezi asisikie kelele yoyote, huku analalamika kwamba gari linakunywa.

Sasa, usikisie kwa macho gari lipi ni la haioku. Hapa ndipo nawaona hata mafundi wenzangu wakikosea. Subaru Forester ya modeli ya SJ yenye injini ya 2.0i isiyo na turbo (feni ya kuisukumia injini hewa) ni ya regyura. Ndugu yake wa 2.0XT mwenye turbo ni wa haioku. Mtu akisikia hivyo anasema basi turbo zote ni haioku. Hapana. Levorg ya 1.6 ina turbo na Subaru wenyewe wameiandikia regyura, ilhali Levorg ya 2.0 ni haioku. Toyota Mark X inachanganya zaidi. Ile ya kwanza, GRX120 ya 2.5, ilitaka haioku na ilitoa nguvu za farasi 215. Ilipokuja GRX130 mwaka 2009, Toyota waliirekebisha injini hiyo hiyo ya 2.5 itumie regyura, ikashuka hadi 203, ila ya 3.5 ilikuwa ya haioku. Halafu kuna Mazda CX-5 ya 2.0 ya Skyactiv, ambayo hubana hewa mara 13, kiwango ambacho zamani kingekuwa cha magari ya mashindano, na huko Japani inakunywa regyura. Waliifanyia kazi kubwa bomba la ekzosi na umbo la pistoni ili isigonge. Naiheshimu sana injini hiyo.

Golf, Benz na BMW zilizopitia Japani karibu zote zina kibandiko cha haioku. Usiogope. Ulaya petroli ya kawaida ni RON 95, na kwa kuwa regyura ya Japani haifiki hapo, mwenye gari la Ulaya kule hana budi kununua haioku. Nyingi za Golf zina namba 95 pale pale kilangoni. Hiyo ndiyo namba unayoitafuta. Muulize meneja wa kituo, si kijana wa pampu, petroli yake ya bei ina RON ngapi. Meneja makini anajua, na wengine watakuonyesha karatasi.

Mahali unapoendesha pia pana neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na turbo hubana hewa kidogo na haina hamu kubwa ya kugonga. Teremka nayo hadi Mombasa, hewa nzito, joto la mwezi wa pili, foleni ya Makupa, na gari lile lile linaanza kulalamika. Nimeletewa magari ya namna hiyo, mwenyewe akilaumu petroli ya Pwani. Turbo ni habari nyingine, maana hujisukumia hewa yenyewe hata ikiwa Limuru.

Sifa nyingine ya petroli ya bei ni dawa za kusafisha nozeli na vali. Hizo zina faida, ila hazihusiani na okteni. Mwenye gari la regyura akitaka kujaza tangi moja mara mojamoja kwa ajili ya usafi, simkatazi. Kila wiki, namkataza.

Linaloharibu magari kuliko Super ni Super iliyochanganywa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana okteni duni mno. Yakiingia, hata Vitz inagonga. Serikali iliyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo, na imesaidia. Hata hivyo nunua kwenye kituo chenye magari mengi, omba risiti na uihifadhi. Gari likibadilika mwendo ghafla siku ile ile uliyojaza, usikimbilie kubadilisha sensa.

Chupa za kuongeza okteni siziuzi. Nyingi zina manganizi, nayo huacha rangi nyekundu kama kutu kwenye plagi; nikizifungua najua mara moja mwenyewe alikuwa akimimina nini. Na vijana wa Subaru mliobadilishiwa programu ya injini, kibandiko chenu hakina kazi tena. Tieni petroli ile aliyoipimia aliyewafanyia programu, na kama hakuwaambia, rudini mkamuulize leo.

Mwisho, wa haioku ukiishiwa njiani, tuseme kabla ya Voi, na kituo kilicho karibu kina Super tu, tia. Tia lita chache za kukufikisha kunakopatikana ile nyingine. Usikanyage sana, usivute mzigo, mlimani shuka gia moja badala ya kulazimisha injini. Ukifika, jaza ile ya bei juu yake. Zikichanganyika hazina madhara, na kompyuta ya gari itajirekebisha yenyewe ukiwa unaendesha.