Kuzungumza kupitia setilaiti za redio ya ridhaa: pa kuanzia kwa mkazi wa Afrika Mashariki

Mtu mwenye redio ya mkononi ya wati tano na antena aliyoitengeneza mwenyewe anaweza, akiwa amesimama uani kwake Tabata au Kisauni, kuzungumza na mtu aliye Antananarivo au Lubumbashi bila kutegemea intaneti wala mnara wa simu. Kinachowaunganisha ni setilaiti inayopita juu yao wote wawili kwa wakati mmoja, inayopokea sauti katika masafa fulani na kuirudisha ardhini papo hapo katika masafa mengine. Wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wanaotumia redio kwa kujifunza na kujifurahisha, si kwa biashara, wamekuwa na setilaiti zao tangu tarehe 12 Desemba 1961, OSCAR 1 iliporushwa kutoka Marekani, na vifaa vya kuanzia leo si ghali. Kinachowashinda wengi ni utaratibu: wanakimbilia kutuma kabla hawajajua kusikia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusikiliza.

Hatua ya kwanza: leseni

Kutuma mawimbi bila leseni ni kosa. Tanzania leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ukipewa leseni unapewa pia alama ya wito, yaani herufi na namba za kujitambulisha hewani, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H, kwa Kenya 5Z na kwa Uganda 5X. Anza maombi mapema, na wakati unasubiri endelea na hatua tatu zinazofuata, ambazo ni za kupokea tu.

Hatua ya pili: redio na antena

Redio yoyote ya mkononi ya FM yenye bendi mbili, ya megahezi 144 hadi 146 na ya 430 hadi 440, inatosha. Antena fupi ya mpira inayokuja nayo ndiyo isiyotosha. Stesheni ya Anga ya Kimataifa, ISS, ambayo ndiyo tutakayoanza nayo kwa kuwa ina ripita, yaani kifaa cha redio ya ridhaa kinachopokea sauti na kuirusha tena, huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 420. Inapochomoza kwenye upeo wa macho iko umbali wa zaidi ya kilomita 2,300 kutoka kwako, na nguvu ya mawimbi yanayokufikia wakati huo ni kama sehemu moja ya thelathini ya ile unayoipata inapokuwa utosini. Unahitaji antena inayokusanya mawimbi kutoka upande mmoja, yaani Yagi.

Yagi ya vipande vitatu kwa ajili ya kupokea megahezi 437 inatengenezwa kwa futi ya chuma ya fundi na kipande cha bomba la plastiki la nusu mita. Kata kipande cha nyuma chenye urefu wa takriban sentimita 34, cha katikati sentimita 32, na cha mbele sentimita 30.5, kisha uvifunge kwenye bomba vikiwa sambamba, kila kimoja kikiwa sentimita 13.5 kutoka kwa mwenzake. Kile cha katikati kigawanye mara mbili na kuacha mwanya mdogo; nusu moja inaunganishwa na waya wa ndani wa kebo ya koaksia ya omu 50, na nusu ya pili na wavu wake wa nje. Kwangua rangi ya futi mpaka chuma king'ae kabla ya kulehemu, la sivyo lehemu haitashika. Acha sehemu ya bomba nyuma iwe mpini. Kwa kutuma utahitaji baadaye antena ya megahezi 145, na pia kipimo cha mawimbi yanayorudi, kwa sababu antena isiyolingana na redio inaweza kuunguza hatua ya mwisho ya kikuza nguvu.

Kabla ya kuanza kuelekeza kifaa hicho angani, waeleze majirani unachokifanya, na ikiwezekana mjumbe wa mtaa. Antena hii haifanani na chochote walichozoea, na maelezo ya dakika mbili yatakuepusha na maswali mengi.

Hatua ya tatu: kujua itapita lini na wapi

Programu ya Gpredict kwa kompyuta na Look4Sat kwa simu za Android zote ni za bure, nazo hukokotoa mapito ya setilaiti ukishaingiza mahali ulipo. Pakua upya takwimu za mizingo kila wiki, kwa kuwa mzingo wa ISS hubadilika kutokana na msuguano wa hewa nyembamba na kwa kusukumwa juu mara kwa mara. Kwa kila pito andika mambo matatu: saa na uelekeo wa kuchomoza, mwinuko wa juu kabisa, na uelekeo wa kuzama. Mwanzoni chagua mapito yanayofikia mwinuko wa digrii 40 au zaidi. Mapito ya ISS kwetu karibu na ikweta ni machache kwa siku kuliko yanayopatikana Ulaya, na pito refu halizidi sana dakika kumi, hivyo kila moja lina thamani.

Saa za setilaiti huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Saa mbili usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni 20:00 ya huku, yaani 17:00 UTC. Jizoeze hesabu hii mpaka isikusumbue, kwa sababu daftari lako la mawasiliano nalo litaandikwa kwa UTC.

Hatua ya nne: kusikiliza pito zima

Ripita ya ISS hupokea sauti katika megahezi 145.990 pamoja na toni ya hezi 67.0, ambayo redio yako huituma chini ya sauti ili kuifungua ripita, na huirudisha katika 437.800. Kwa kuwa stesheni hukimbia zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, athari ya Doppler huyapandisha masafa unayoyasikia inapokujia na kuyashusha inapokwenda zake, kwa kiasi kinachofika kilohezi kumi kila upande. Dawa yake ni kuhifadhi chaneli tano kwenye kumbukumbu ya redio: 437.810, 437.805, 437.800, 437.795 na 437.790. Anza na ya kwanza wakati wa kuchomoza, na ushuke chaneli moja moja kila sauti inapoanza kukwaruza. Kwenye megahezi 145 mabadiliko ni kama theluthi ya hayo, na redio ya FM huyavumilia, ndiyo maana masafa ya kutuma hubaki yale yale.

Kizuia mvumo, ambacho kwenye menyu nyingi kimeandikwa SQL, kiweke sifuri. Utasikia mvumo mfululizo, na setilaiti inapochomoza mvumo huo hupungua kabla hata hujasikia neno. Huo ndio wakati wa kuanza kuielekeza antena kwa makini. Ifuate njia uliyoiandika, na huku ukiifuata zungusha kifundo cha mkono taratibu ili vipande vya antena vilale na kusimama kwa zamu. Mawimbi yanayofika yana mlalo wake, nao hubadilika pito likiendelea. Kuzungusha huku peke yake kunaweza kuigeuza sauti isiyosikika kabisa ikawa safi. Kwangu jambo hili lina uzito kuliko ununuzi wa antena ya bei kubwa. Ifunge simu kwenye mpini irekodi sauti, ili mikono yako ibaki na kazi mbili tu.

Husikii chochote? Angalia kwanza kwenye tovuti ya AMSAT, shirika la setilaiti za redio ya ridhaa, ambako wasikilizaji huandika hali ya kila setilaiti. Ripita ya ISS huzimwa wakati wanaanga wanapotoka nje ya stesheni au chombo kinapotia nanga, na pia kifaa hicho hicho kinapotumika kwa picha au data.

Hatua ya tano: kutuma

Ukiwa umeweza kufuata mapito kadhaa tangu mwanzo hadi mwisho, na leseni iko mkononi, ndipo utume. Chaneli ya FM ya setilaiti hubeba sauti moja tu kwa wakati, na anayetuma bila kusikia huwafunika watu walio kwenye nchi kadhaa. Kwa sababu hiyo inafaa sana kuwa na redio ya pili ya kupokelea, pamoja na hedifoni, ili uisikie sauti yako mwenyewe ikirudi kutoka juu. Subiri nafasi, taja alama yako ya wito mara moja kwa herufi za kimataifa (Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea), kisha taja mraba wako wa ramani, yaani msimbo unaoonyesha eneo ulipo duniani: Dar es Salaam ni KI93, Nairobi KI88, Mombasa KI95 na Dodoma KI73. Mwenzako atakujibu kwa alama na mraba wake, mtathibitishiana, na mazungumzo yamekwisha. Salamu ndefu zinazostahili barazani hazina nafasi katika dakika kumi ambazo wengi wanazigawana. Anga ya kwetu haina msongamano, jambo linalompa mwanafunzi nafasi nzuri, lakini pia linamaanisha kwamba mara nyingi utaita na usijibiwe. Panga miadi na mwenzako wa mji mwingine.

Hatua ya sita: QO-100

Tuna bahati ambayo wenzetu wengi wa Amerika hawana. Setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018, imebeba vifaa vya kwanza vya redio ya ridhaa, viitwavyo QO-100, katika mzingo wa kutulia, ambako setilaiti hubaki mahali pamoja angani, kwenye digrii 25.9 mashariki, na inaonekana Afrika yote saa 24. Unaweza kuisikia leo kwa intaneti kupitia kipokezi kilichoko Goonhilly, Uingereza. Kuisikia mwenyewe kunahitaji dishi la sentimita 60 hadi 90, LNB (kichwa cha kupokelea kinachokaa mbele ya dishi) ya aina ya PLL, ambayo masafa yake hayayumbi, iliyopewa volti 12, kigawa umeme kinachozuia volti hizo zisifike kwenye kipokezi, na kipokezi cha USB cha RTL-SDR kinachochomekwa kwenye kompyuta. Mawimbi yake ya megahezi 10,489.75 hutoka kwenye LNB yakiwa 739.75.

Kutoka Dar es Salaam elekeza dishi kwenye azimuthi (uelekeo unaohesabiwa kutoka kaskazini kupitia mashariki) ya digrii 296 na mwinuko wa 72. Kutoka Nairobi ni 277 na 77. Miongozo ya Ulaya husema LNB igeuzwe kidogo tu, lakini kwetu karibu na ikweta mgeuko unapita digrii 60, kwa hiyo igeuze hatua kwa hatua huku ukitazama bikoni, yaani mawimbi ya rejea yanayotumwa muda wote na setilaiti hiyo, kwenye skrini, na uikaze pale inaposimama juu zaidi. Kama dishi lako ni la mviringo lenye LNB katikati, toboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa, maana kwa mwinuko huo litajaa maji ya mvua. Kutuma hufanyika katika megahezi 2,400 kwa wati chache, baada ya kuhakikisha kwamba leseni yako inaruhusu bendi hiyo, na sauti yako isizidi kamwe nguvu ya bikoni. Ikizidi, mtambo wa uangalizi wa setilaiti hiyo huweka king'ora juu ya mawimbi yako mpaka upunguze.