Jinsi ya kutengeneza modeli ya DNA iliyoharibiwa na jua

Mwezi wa Juni Dodoma upepo ni wa baridi na wanafunzi huja darasani wamejifunga masweta. Ikifika saa sita mchana, jua hilohilo lisilowapa joto linaharibu DNA ya ngozi zao. Mwanafunzi anayedhani jua huunguza kama moto hawezi kulielewa jambo hili. DNA haiungui. Kinachotokea ni kwamba besi mbili (besi ni vijenzi vya DNA vya aina nne: A, G, T na C) zilizo jirani kwenye uzi mmoja hushikana zenyewe kwa zenyewe, na umbo zima huharibika kuanzia hapo. Modeli hii imekusudiwa kuonyesha mshikano huo, kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila nanomita 0.1.

Utahitaji waya mgumu wa umeme wa milimita 4 za mraba, vipande viwili vya sentimita 90 (ndizo nyuzi mbili za DNA), maboksi magumu, vijiti 32 vya kuchokolea meno, kijiti kimoja cha mishikaki, waya mwembamba wa kufungia nondo, selotepu, rula, kipimapembe na maka za rangi nne.

Kata vibao 24 vya boksi, upana sentimita 4. Vibao 12 viwe na urefu wa sentimita 10: hivi ni besi A (4) na G (8). Vingine 12 viwe na sentimita 7: T (4) na C (8). Hakikisha mifereji iliyo ndani ya boksi inaelekea kwenye urefu wa kibao, kwa sababu vijiti vya meno vitachomekwa humo. Ukikata kinyume, vijiti havitaingia na vibao vitakunjika. Boksi likiwa jembamba, bandika mawili pamoja kwa gundi.

Unganisha A na T kwa vijiti viwili, G na C kwa vitatu, ukiacha nafasi ya sentimita 3 katikati. Hivyo ndivyo vifungo vya haidrojeni. Usivitie gundi, katika DNA yenyewe vifungo hivi ni dhaifu, na baadaye utahitaji kuvichomoa. Kila jozi sasa ina sentimita 20, yaani nanomita 2, upana wa DNA.

Uzi wa kwanza, kutoka juu kwenda chini, usomeke G C A C G T T G A C C G. Wa pili usomeke C G T G C A A C T G G C. Chora mshale wa kushuka kwenye uzi wa kwanza na wa kupanda kwenye wa pili, maana nyuzi za DNA huelekea pande zinazopingana.

Hapa ndipo modeli nyingi huharibika. Umbali wa wima kati ya jozi na jozi ni sentimita 3.4, kwa hiyo watu huweka alama kwenye waya kila sentimita 3.4 na kuishia kupata ngazi iliyonyooka. Waya unazunguka huku unapanda, hivyo alama ziwe kila sentimita 6.9. Funga kila kibao kwenye alama yake kwa waya mwembamba, zungushia selotepu juu na chini ya fundo ili kisiteleze, kisha sokota digrii 34 kwa kila jozi, kwa mwelekeo wa hesi za skrubu ya kawaida. Jozi ya 12 ikiwa imeipita kidogo ile ya 1 baada ya mzunguko kamili, umepatia. (Katika DNA halisi mifereji miwili ya nje hailingani upana, modeli hii imeisawazisha ili kurahisisha kazi.)

Sasa lete jua. Kwenye T ya 6 na T ya 7 weka nukta mbili ukingoni, kila moja ikiwa kaboni ya besi hiyo: kaboni namba 6 sentimita 3 kutoka kwenye waya, na kaboni namba 5 sentimita 4.5. Kati ya kaboni hizi kuna kifungo maradufu. Besi ikimeza nishati ya miale ya urujuanimno, hasa aina B yenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, vifungo hivyo maradufu hufunguka na kaboni 5 huungana na 5 ya jirani, 6 na 6. Kata vipande viwili vya kijiti cha mishikaki na uvichomeke kati ya nukta zinazolingana, umbali ubaki sentimita 1.6. Pete ya kaboni nne imekamilika.

Usiharakishe hatua hii. Vibao vilivyoachana kwa sentimita 3.4 vimevutwa hadi chini ya nusu, na mikono itahisi waya ukipinga. Itabidi uvigeuze vibao ili nukta zitazamane, na baadhi ya vijiti vya meno vitalegea upande wa A. Kisha kunja modeli kwa digrii 30 kuelekea upande wa kaboni 5, ukipima kwa kipimapembe. Modeli ikikataa kupinda, kwa kawaida ni kwa sababu mtu ameitia nguzo katikati, itoe.

Kimeng'enya kinachonakili DNA hukwama kwenye kifundo hiki. Kipo kingine kinachoweza kupita, na mbele ya TT huweka AA, jambo ambalo ni sahihi. Hatari kubwa iko kwenye CC: C iliyofungwa hivyo hubadilika kuwa U, besi isiyo ya kawaida kwenye DNA, kwa urahisi, ikasomwa kama T, na CC ikawa TT kwa kudumu. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina melanini, yaani rangi ya ngozi, ya kutosha kuzuia miale, mambo haya hutokea mara nyingi zaidi. Kofia pana na mikono mirefu ni vifaa vyake vya shule kama daftari.

Kuonyesha jinsi seli inavyokarabati DNA, kata uzi wa kwanza wote na ufunge mpya ukifuata uzi wa pili. Bakteria hukata besi 12 au 13, karibu sawa na modeli hii. Binadamu hukata kama 30. Ukitaka kuonyesha hilo, nunua waya wa kutosha modeli ya urefu wa mita moja.

Mwisho, wape wanafunzi kazi ya kutafuta mahali pengine panapoweza kudhurika. CC ya 10 na 11 wataiona upesi. T na C za 9 na 8 kwenye uzi wa pili huwachukua muda.